Nguo Zilizowekewa Wageni

Naandika polepole. Nikifika mstari wa tano au wa sita mkono wa kulia unaanza kutetemeka, basi naweka kalamu chini, nakunja vidole na kuvikunjua kama nilivyofundishwa, halafu naendelea. Shule niliishia darasa la saba. Lakini najua yupo mtu mahali fulani anayepuliza dawa kwenye kahawa, au pamba, au korosho, na jioni macho yanamuuma, mate yanamjaa mdomoni, naye anaambiwa ni uchovu tu. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Ipo sababu nyingine. Niliulizwa swali moja mbele ya watu wakubwa, nikatoa nusu ya jibu. Nusu hiyo ilimwangukia mtu mmoja peke yake. Nusu iliyobaki nataka niiweke hapa.

Naitwa Elia. Kwetu ni Kalinzi, juu milimani. Mjomba wangu Stefano, ndugu wa mama wa tumbo moja, alikuwa msimamizi wa wapulizaji dawa katika mashamba ya kampuni moja inayopeleka kahawa ng'ambo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi. Mimi si msemaji. Tangu utoto, mgeni akiingia mbele, mimi hutokea nyuma. Kazi ya kupuliza ilinifaa, kwa sababu mtu mwenye bomba mgongoni hana wa kuzungumza naye.

Kabla sijaenda mbali, niseme habari ya sahani. Katika nyumba ya mama kuna kabati, na ndani ya kabati kuna sahani sita zenye maua mekundu. Sisi wenyewe hatujawahi kulia kwenye sahani hizo. Ni za wageni. Akija mchungaji zinatoka, zinafutwa, wanakula, zinaoshwa, zinarudi. Nadhani nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo. Kitu kizuri kikiingia nyumbani, jambo la kwanza tunalofikiri ni kukificha kisiharibike.

Nguo za kupulizia zilifika kwenye boksi moja. Nililibeba mimi begani kutoka kwenye gari la meneja mpaka stoo, kwa hiyo niliyoyasikia niliyasikia kwa masikio yangu. Ndani zilikuwamo seti nne: ovaroli nyeupe, barakoa zenye vichujio pembeni, glavu ndefu na buti za mpira. Wapulizaji tulikuwa thelathini na mmoja. Mjomba akamuuliza meneja, "Na nyingine zinakuja lini, bosi?"

Meneja akasema, "Stefano, hizo ndizo. Wakaguzi wa wanunuzi wakija nizikute hivi hivi, nyeupe. Ikichafuka hata moja, ni wewe."

Mjomba akaitikia, "Sawa bosi." Alizipanga juu ya rafu, akazifunika kwa shuka aliyoitoa kwake, akafunga kufuli. Funguo akaining'iniza shingoni, pamoja na rozari. Sikuona ubaya, na yeye hakuona. Alikuwa amepewa sahani zenye maua.

Wakaguzi walipokuja, vijana wanne tulivalishwa. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya urefu. Tulisimama kwenye mistari ya kahawa, bomba zikiwa na maji matupu, tukapigwa picha. Kisha tulipewa karatasi tuweke sahihi kwamba tumepokea ovaroli, barakoa, glavu na buti. Nikaweka. Nilikuwa nimezivaa, ningesema nini? Mkaguzi mmoja akapitisha kidole kwenye bega langu, akakitazama, akatabasamu. Alisifu usafi. Mjomba alifurahi siku ile kama mtu aliyeozesha binti. Jioni tulivua, tukafuta, tukakunja, kufuli likarudi mahali pake.

Mwezi wa kwanza, mvua zilipopumzika, tukaingia kupuliza wadudu. Bomba langu lilikuwa linavuja kwenye mshono. Nilijifunga kipande cha kitenge puani, na mgongoni nikaweka gunia ili dawa isinifikie. Gunia likalowa, shati likalowa. Siku ya tatu, saa sita mchana na jua kali, dunia ikaanza kuwa na giza. Nikafikiri wingu. Nikatazama juu, hakuna wingu. Kope la jicho la kushoto likawa linachezacheza lenyewe. Mate yakajaa, nikatema, yakajaa tena. Machozi, kamasi, jasho, vyote vikafunguka kama bomba la kijiji lililokatika koki. Halafu tumbo nalo. Nilijichafua nikiwa nimesimama, mbele ya wenzangu.

Mmoja akacheka, "Elia, umekula nini jana? Maharage ya harusi?"

Wakacheka wote. Walicheka mpaka nilipoanguka.

Kwetu mtu akiingiwa na sumu hupewa mawese au maziwa. Mjomba alikimbia nyumbani kwake akarudi na kikombe cha mawese mabichi, akanishika pua kama mtoto. "Kunywa, Elia. Kunywa mwanangu, itatoka." Alinipa kikombe kizima. Sitaki mtu mwingine afanyiwe hivyo. Daktari aliposikia alifumba macho, akasema mawese hayaondoi sumu, na kama yangeingia mapafuni ningekufa palepale. Lazima nguo zivuliwe, mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtu apelekwe hospitali na kopo la dawa aliyopuliza. Mimi nilishushwa mjini nikiwa na shati lilelile, nimefungwa kwa kitenge cha mama kwenye mgongo wa dereva wa bodaboda, mama akiwa nyuma amenishika kichwa. Dereva yule alitapika siku mbili. Alikuja kuniambia baadaye, bila lawama.

Hospitali kijana aliyeingiwa na sumu ni kijana aliyekunywa sumu. Ndivyo wanavyojua. Wakataka karatasi ya polisi. Nilichomwa sindano iliyonikausha mdomo mpaka ulimi ukashika kaakaa, moyo ukapiga kama ngoma, nikaona panya wenye rangi ukutani. Nilipopata fahamu, nesi akaniuliza kwa sauti ya wodi nzima, "Haya, huyo msichana anaitwa nani?"

Nikasema hakuna msichana.

"Mwone! Anamficha bado!" akasema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Angekuwa wangu ningemfuata nimtandike, sio kunywa madawa."

Kwa siku mbili walinitania hivyo. Askari alikuja akasimama miguuni pangu na daftari, maana kutaka kujiua ni kosa. Aliyejibu ni mjomba. Aliingia na viatu vyenye matope ya Kalinzi, akavua kofia, akasema, "Afande, ni dawa ya kazini. Mimi ndiye msimamizi wake. Nguo za kinga ziko stoo, nimefungia mimi." Askari akaandika, mjomba akaweka sahihi. Angekaa kimya ningetoka hospitali nikaingia mahabusu. Niliona amenikomboa. Sikujua kwamba karatasi ile itatembea.

Nilikaa siku tisa. Nikarudi nyumbani nikila, nikicheka kidogo. Watu wakasema Mungu mkubwa. Wiki ya tatu kandambili zikaanza kunivuka. Natembea, nasikia mama ananiita, "Elia, kandambili yako hii hapa," nageuka, iko hatua kumi nyuma, nami sikusikia ikitoka. Kisha vidole vya miguu vikakataa kuinuka. Nikawa nainua goti juu kama mtu anayevuka mto, na unyayo unapiga chini, paa, paa. Mikono ikafuata. Kifungo cha shati kikawa kazi ya asubuhi nzima. Kufika mvua za mwezi wa tatu, nilikuwa wa kubebwa.

Majirani wakasema nimerogwa. Wengine wakataja ugonjwa mwingine. Mama akataka kunipeleka kwa mganga upande wa Mwandiga. Dada yangu Leokadia, aliyeolewa Katubuka, mjini, akapanda mlima siku hiyohiyo.

"Mama, huyu ni dawa ya kahawa. Wadudu wanakufa, yeye ni nani asiugue?"

"Mbona wenzake hawajaugua?"

"Nani amewauliza?"

Mama akaacha habari ya mganga. Nikashushwa Katubuka kwa dada, ili niwe karibu na hospitali kwa mazoezi ya viungo: Jumanne na Ijumaa.

Mwanamume wa miaka kumi na tisa kuoshwa na dada yake, sijui niandike vipi. Ananiosha akitazama ukuta, nami natazama ukuta mwingine. Shemeji alikuwa mtu mwema, lakini nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na mwema naye huchoka. Siku moja nilimsikia nje akimwambia dada, "Ndugu yako ataondoka lini, au nijenge?" Usiku ule sikunywa maji wala siku zilizofuata, ili nisiombe kupelekwa chooni. Nesi wa mazoezi, Bi Mwajuma, aliona midomo yangu imepasuka. Hakuuliza. Alinipa chupa yake ya maji, akanigeuzia mgongo mpaka nilipomaliza. Hiyo ni moja ya fadhili nilizozihesabu, na hazikuwa nyingi.

Kwenye benchi la kusubiri nilizoeana na Mzee Sudi wa Ujiji, mshona nyavu, ambaye upande wake wa kulia ulikuwa umelala kwa kiharusi. Nilimwamkia "shikamoo, Mzee" na yeye akaitika, "Marahaba, mguu wa bata. Leo umepiga chini mara ngapi?"

Ukutani, mbele ya benchi, kulikuwa na kalenda ya kampuni ya kahawa. Mwezi wa sita ulipofunuliwa niliona kijana mrefu mwenye ovaroli nyeupe, barakoa na glavu, katikati ya mistari ya kahawa. Nilimtambua kwa bega. Nikawa nakaa chini ya picha yangu mwenyewe, miguu imenyauka kama mabua, na hakuna aliyejua, maana picha haina uso. Nilimwambia Mzee Sudi peke yake. Aliitazama sana.

"Huyo si wewe," akasema. "Huyo amevaa."

Siku iliyofuata alimwambia Leokadia. Dada akapanda juu ya benchi, akasoma maandishi madogo chini ya picha: ukiwa na malalamiko kuhusu haki za wafanyakazi au mazingira, piga namba hii. Akapiga palepale korido, huku watu wakimwambia ashuke.

Wakajibu. Alitupigia kijana wa Dar es Salaam aliyeongea haraka, akatueleza kwamba nchi ya wanunuzi ina sheria mpya, na sasa anayeuza kahawa kule madukani lazima ajue aliumizwa nani huku shambani, na arekebishe. Atakuja mtu kunisikiliza. Nilijua siwezi kuongea mbele za watu, kwa hiyo nikaandika. Kurasa mbili zilinichukua siku kumi na moja. Niliandika habari ya boksi, seti nne, watu thelathini na mmoja, na maneno ya meneja kama nilivyoyasikia. Niliandika pia kwamba mjomba alifunga kufuli kwa sababu aliambiwa.

Mwezi wa nane, kahawa ikiwa inachumwa, tuliitwa kwenye ukumbi mjini Kigoma. Dada alinivalisha shati la shemeji, akaweka karatasi kwenye mfuko wa kifuani, akaufunga kifungo. "Isije ikadondoka," alisema. Mlangoni kijana wa Dar akamzuia. Mlalamikaji anaingia peke yake, kwa ajili ya usalama wake, asije akashinikizwa na ndugu. Nikaingia peke yangu, paa, paa. Ndani alikaa mama mmoja wa Kizungu aliyetumwa na wanunuzi, mwenye mvi na uso wa huruma. Pembeni yake alikaa meneja, kwa sababu ukumbi aliulipia yeye na gari lililomleta mgeni lilikuwa lake.

Meneja alikuwa ametandaza vitu mezani: kalenda imefunuliwa mwezi wa sita, karatasi yenye sahihi yangu, na nakala ya maelezo ya polisi yenye sahihi ya mjomba.

Mama yule aliniuliza taratibu, kijana akatafsiri: "Vifaa vilikuwepo, tumeviona. Nani alikuzuia kuvitumia?"

Kwetu mdogo hamtaji mkubwa wake kwa ubaya mbele ya mgeni. Wakangoja. Jasho likanitoka, na kwa mtu aliyepitia niliyopitia, jasho likianza tu anaogopa. Nikasema, "Alivifungia mjomba Stefano."

Kijana akatafsiri hapohapo. Mama yule akaandika. Nilikuwa bado sijamaliza. Nikapeleka mkono kifuani kuchukua karatasi. Kifungo. Kidole gumba kikateleza, nikajaribu kwa mkono wa kushoto, kikateleza. Nilikuwa nakitazama kifungo kile kidogo cheupe kama mtu anayetazama tundu la sindano. Meneja akatazama saa. "Ndege ya mama inaondoka saa tisa," akasema, "na kijana amechoka, jamani, mwoneeni huruma."

Mama yule akasimama, akanishika bega, lile lile. Kijana akatafsiri: "Anasema asante kwa ujasiri wako."

Kifungo kilipofunguka, gari lilikuwa limeshawashwa. Nilitaka kuita. Sauti yangu haikufika hata mlangoni.

Majibu yalikuja mvua za kwanza zilipoanza. Leokadia alinisomea. Uchunguzi umethibitisha kwamba vifaa vilitolewa na kampuni na vikazuiwa na msimamizi. Msimamizi ameondolewa kazini. Suala limefungwa. Wanunuzi wataendelea kununua. Nitapewa gongo moja la chuma na mafunzo ya usalama yatabandikwa stoo. Niliuliza kama wameandika mahali popote kwamba seti zilikuwa nne. Alirudia kusoma tangu mwanzo. Hawakuandika.

Krismasi nilirudi Kalinzi na gongo langu. Mjomba alikuja kunitazama. Alikuwa amekonda, shingoni imebaki rozari tu. Mama alipakua ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Mimi akanipa kwenye bakuli la kawaida. Kisha akafungua kabati. Akatoa sahani yenye maua mekundu, akaifuta, akampakulia ndugu yake wa tumbo moja.

Mjomba akaitazama sahani.

"Leo mimi ni mgeni hapa, dada?"

"Kula, Stefano. Chakula kinapoa."

"Nakuuliza."

"Ulifungia nguo, mtoto wangu akaoza miguu," mama akasema, bila kumtazama. "Wewe si mgeni? Wewe ni nani?"

Hakula. Mimi niliyaona yale, na kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wangu nilitamani ningekufa shambani, kwa sababu jibu langu la nusu lilikuwa limekaa mezani kama sahani ile, na mama alikuwa ameliamini. Nilitoa karatasi. Safari hii nilikuwa nimeiweka kwenye soksi, hakuna kifungo. Nikasoma, mimi nisiyesoma mbele za watu. Nilisoma vibaya, nikirudia mistari. Nilipofika kwenye maneno ya meneja, "Ikichafuka hata moja, ni wewe," mama akaacha kukoroga maharage yaliyobaki chunguni.

"Alikuambia hivyo?"

Mjomba akashika rozari.

"Stefano, alikuambia hivyo, ukanyamaza hadi leo?"

"Ningesema nini?" akasema. "Kufuli nilifunga mimi. Funguo ilikuwa shingoni mwangu. Yeye alisema maneno tu, na maneno hayana sahihi."

Kisha akaninyooshea mkono, akaomba kalamu. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Umekosea hapa. Umeandika seti nne. Ya nne ilikuja bila vichujio, barakoa ilikuwa ganda tupu. Ndiyo uliyovaa wewe kwenye picha." Akaandika hayo pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala, na chini yake akaandika jina lake lote.

Mama alichukua sahani yenye maua. Nilidhani atairudisha kabatini. Alimimina chakula kwenye bakuli langu, akatusogezea wote wawili. Tulikula, mimi nikidondosha.

Sasa ni kiangazi tena. Natembea na gongo, goti linapanda kidogo tu. Daktari anasema vidole vya miguu huenda visirudi. Mzee Sudi alifariki kabla ya masika. Mashamba yana msimamizi mpya, kijana mwenye heshima. Mwenzangu mmoja aliyebaki huko ameniambia kwamba stoo imepakwa rangi, na nguo zimekunjwa vizuri juu ya rafu, nyeupe, zinangoja wakaguzi. Ameniambia pia kope lake la kushoto limeanza kuchezacheza. Nilimwambia aache leo, aoge, ashuke hospitali na kopo mkononi. Akasema msimu ukiisha.

Kama utakuja kuulizwa siku moja, usianze na aliye karibu nawe. Wataandika jina la kwanza watakalolisikia, kisha watafunga daftari. Na karatasi yako usiiweke kwenye mfuko wenye kifungo.

Jibu langu kamili ni hili. Aliyezifungia nguo ni mjomba wangu Stefano, na ameshaulizwa, na ameshalipa. Aliyeleta nguo nne kwa watu thelathini na mmoja, akataka zikutwe nyeupe, bado hajaulizwa.